Onyo la serikali kuhusu kivinjari: je, kuweka Firefox kunatosha?

Swali: Nimesoma kwamba Ujerumani na Ufaransa ziliwahi kuwaonya wananchi wao wasitumie Internet Explorer. Ofisini tuna mfumo wa zamani wa stoo ambao haufunguki vizuri kwenye kivinjari kingine, kwa hiyo tumebakiza kompyuta moja ya Windows 7 kwa ajili yake. Kompyuta hiyo nimeiwekea Firefox kwa kazi nyingine zote. Je, tuko salama? Na serikali inahusikaje na kivinjari cha mtu?

Jibu: Hamko salama bado, ndugu msomaji. Umepunguza hatari, lakini injini ya Internet Explorer ingali ndani ya Windows na programu nyingine huitumia bila kukuuliza.

Onyo lenyewe kwanza, maana wengi hulisoma kana kwamba ni hukumu ya kudumu. Tarehe 12 Januari 2010 Google ilitangaza kuwa imeshambuliwa. Siku mbili baadaye Microsoft ikakiri kwamba mwanya wa Internet Explorer ulihusika. Tarehe 15, BSI, idara ya Ujerumani ya usalama wa teknolojia ya habari, ikawashauri watu watumie kivinjari kingine hadi kiraka, yaani sasisho la kuziba mwanya huo, kitoke, na Ufaransa ikatoa ushauri kama huo. Kiraka kilitoka tarehe 21, nje ya ratiba ya kawaida ya Microsoft ya mara moja kwa mwezi. Uingereza haikuwaambia watu wahame; msimamo wake ulikuwa kwamba hakuna ushahidi kuwa kuliacha toleo jipya lenye viraka vyote kungewaongezea watumiaji usalama. Kwa maoni yangu Wajerumani walikuwa sahihi kwa siku zile sita, kwani hata toleo jipya kabisa halikuwa na kiraka cha mwanya ule.

Serikali huingilia kwa sababu ya aina ya hitilafu. Katika shambulio lile ukurasa ulipakia picha, kisha skripti, yaani programu ndogo iliyomo ndani ya ukurasa, ikahifadhi nakala ya tukio la kupakiwa kwa picha hiyo. Baadaye skripti ikaifuta picha. Nakala ya tukio ikawa bado inaelekeza mahali kwenye kumbukumbu ambapo picha ilikuwa. Skripti ikapajaza data ya mshambuliaji, halafu ikauliza: tukio hili lilitoka kwenye kipengele gani? Kivinjari kikafuata anwani ile ya zamani na kutekeleza kilichokuta hapo. Ni sawa na karani anayeendelea kupeleka funguo kwenye chumba ambacho mpangaji alishahama, bila kubisha hodi kujua nani yumo. Mtumiaji hakuhitaji kupakua chochote wala kubonyeza "kubali". Kufungua ukurasa kulitosha. Nenosiri gumu halisaidii hapo. BSI ilisema pia kwamba kuzima skripti na kutumia hali ya ulinzi ya kivinjari hulifanya shambulio kuwa gumu, lakini hakulizuii kabisa.

Sasa kompyuta yako. Msaada wa kawaida wa Windows 7 uliisha tarehe 14 Januari 2020. Tarehe 17 mwezi huohuo Microsoft ikatangaza mwanya mwingine wa Internet Explorer uliokuwa tayari unatumiwa na wadukuzi, safari hii kwenye faili ya jscript.dll. Kiraka kilikuja Februari, na kwa Windows 7 kikawa cha waliolipia msaada wa ziada tu. Kama ofisi yenu haikulipia, mwanya huo uko wazi hadi leo kwenye mashine yenu, pamoja na yote iliyofuata. Usihangaike na dawa ya muda ya kuifungia ruhusa faili ile; ilivuruga uchapishaji kwa baadhi ya watu, na ilipaswa kuondolewa kabla ya kusasisha.

Kuhusu Firefox: injini ya Internet Explorer iko kwenye faili ya mshtml.dll, na Office huiita inapofungua nyaraka fulani. Mwaka 2021 wadukuzi walipitia hapo kwa kutuma nyaraka za Word. Mwaka 2024 ukarekebishwa mwanya mwingine: faili fupi ya .url (njia ya mkato ya kufungua tovuti), yenye sura ya PDF, iliyoamsha Internet Explorer hata kwenye Windows 10 na 11, mashine ambazo mwenyewe aliamini kivinjari hicho kimeshazikwa. Kwa hiyo kivinjari kipya bila Windows inayopata masasisho ni ulinzi nusu.

Njia ninayopendekeza ni kuhamishia kazi ya stoo kwenye kompyuta ya Windows 11 na kutumia hali ya Internet Explorer iliyomo ndani ya Edge. Microsoft imeahidi kuiendeleza angalau hadi 2029. Andika edge://settings/defaultBrowser kwenye upau wa anwani, ruhusu kurasa kufunguliwa upya kwa hali hiyo, anzisha Edge upya, kisha ongeza anwani ya mfumo wenu kwenye orodha iliyo chini yake. Mambo mawili huwasumbua watu hapa. La kwanza, ukurasa ulioongezwa kwa mkono hudumu siku 30 tu. Mwezi ukipita mfumo "unaharibika" na lawama zinamwangukia fundi. Kwa ofisi, tengeneza orodha ya tovuti katika faili ya XML na uisambaze kwa sera ya kikundi (Group Policy, mipangilio ambayo msimamizi huituma kwa kompyuta zote za ofisi), kisha hakiki kwenye edge://compat/sitelist kwamba imefika. La pili ni kuingia. Mfumo ukikupeleka kwenye seva nyingine kuandika nenosiri, na seva hiyo haimo kwenye orodha, Edge hurudi kwenye injini yake ya kawaida na kikao hupotea. Unaandika nenosiri sahihi, unarudishwa palepale pa kuingia, tena na tena. Dawa ni kuitia seva ya kuingilia kwenye orodha kama tovuti isiyoegemea upande (neutral site), ili ifuate injini ya ukurasa uliotangulia.

Usiongeze tovuti nyingine yoyote kwenye orodha hiyo. Injini ni ileile ya zamani, ila sasa inapata viraka.

Mfumo ukigoma hata hapo, ibakize Windows 7 lakini ikate na intaneti. Fungua ngome ya Windows yenye mipangilio ya juu (Windows Firewall with Advanced Security), weka miunganisho inayotoka izuiwe kwenye profaili zote tatu, kisha ruhusu anwani ya IP ya seva ya stoo na bandari yake moja, kwa mfano TCP 443. Kuzuia iexplore.exe peke yake ni kazi bure, kwa sababu nilizokwisha kutaja. Kanuni chache za kimsingi za ngome hiyo, kama ya DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya IP), hubaki wazi. Zizime nazo, na uandike jina la seva na IP yake kwenye C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts. Mhudumu wa stoo aingie kwa akaunti isiyo na mamlaka ya msimamizi. Office na barua pepe ziondoke. Na Firefox uliyoiweka iondoke pia, kwani mashine hiyo haina tena tovuti ya kutembelea.

Baada ya kuikata, tarajia ukurasa wa kwanza kuchelewa sekunde kadhaa kila asubuhi. Windows inajaribu kuuliza nje kama cheti cha seva kimefutwa, haijibiwi, inasubiri hadi muda uishe. Kwenye mashine hii tu, yenye seva moja mnayoimiliki wenyewe, unaweza kuzima ukaguzi huo kwenye kichupo cha mwisho cha chaguo za intaneti (Internet Options). Kwenye kompyuta nyingine yoyote uache ulivyo.