Neno "kuvumilia" mlilitoa wapi?

Wahariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, unaweza kumvumilia jirani anayeishi na mpenzi wa jinsia yake?" Nimelisoma nikiwa kibandani kwangu Umoja, mteja akisubiri nimalizie pindo la sketi, na nikamsomea kwa sauti. Akacheka, akasema, "Mama Cherehani, mimi navumilia ukosefu wa maji tangu Jumapili, huyo jirani ana shida gani?"

Mimi sikucheka sana, kwa sababu nina deni katika jambo hili. Nitalieleza. Lakini kwanza hilo neno kuvumilia. Nairobi tunavumilia mengi: jirani wa juu mwenye spika kubwa kuliko kitanda chake, ile kesha ya Ijumaa yenye maikrofoni ya nini sijui katika chumba cha watu kumi, matatu inayokushusha kituo kimoja kabla ya chako kwa sababu dereva ameona askari. Kitu kinachovumiliwa ni kitu kinachokuumiza. Sasa wale vijana wawili waliokaa ploti yetu walikuwa wananiumiza na nini? Nimekaa nikahesabu, sikupata hata kimoja. Walilipa kodi tarehe tano. Walipanga foleni ya maji kama sisi. Mmoja alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Kariobangi Light, anarudi jioni na masizi hadi kwenye nyusi. Mwingine mwalimu wa hisabati katika shule ya binafsi, mpole, anatembea na mfuko wa madaftari ya kusahihisha.

Aprili 2019 waliniita nikapime dirisha, walitaka mapazia. Bedsita, chumba kimoja tu, kama zilivyo nyingi katika ploti hiyo. Nikaingia na tepu yangu. Dirisha lilikuwa juu ya kitanda, ikabidi nivue viatu nipande. Kitanda kilikuwa kimoja, kimetandikwa vizuri, mito miwili. Nikapima, nikaandika, nikashuka. Mwalimu akanipa chai.

Hapo nitasema kitu ambacho kila mtu aliyekuja mjini kutafuta anakijua. Nairobi watu wamelala wawili, watatu, wanne kitanda kimoja tangu enzi za reli. Binamu ametoka Kitui leo, kesho anatafuta kazi ya mjengo, atalala wapi? Mume wangu, Mungu amrehemu, alilala na mwenzake wa kazini kitanda kimoja Kaloleni miaka miwili kabla hajanioa, na hakuna aliyeinua nyusi. Kwa hiyo kitanda peke yake hakikuniambia kitu. Ni zile miwani mbili za kusoma zilizokuwa dirishani, moja juu ya nyingine. Na jinsi fundi alivyoniuliza bei ya kitambaa huku akimtazama mwalimu, kama mtu mwenye nyumba anavyomtazama mwenzake kabla hajasema ndiyo. Nilikaa kwenye ndoa miaka ishirini na saba. Mtazamo ule naujua.

Nikakaa nayo. Halafu ikafika Ijumaa ya Mei 24. Redio yangu ilikuwa wazi tangu asubuhi kwa sababu majaji watatu wa Mahakama Kuu, hapo Milimani, walikuwa wanasoma uamuzi kuhusu kifungu cha 162 na cha 165 cha Kanuni ya Adhabu, vile vinavyotumika kuharamisha ngono ya watu wa jinsia moja. Kile cha kwanza kinaweza kukupeleka jela miaka 14, cha pili miaka 5. Wiki hiyohiyo, Mei 21, Binyavanga Wainaina alikuwa amefariki, yule mwandishi aliyejitokeza Januari 2014 akasema wazi kwamba yeye ni shoga, na kwa hiyo mazungumzo yalikuwa mdomoni mwa kila mtu. Majaji wakakataa kuvifuta vifungu hivyo. Mojawapo ya sababu walizotoa ni Katiba yenyewe, ibara ya 45, inayosema kila mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na kwamba kuviondoa vifungu kungefungua mlango wa watu wa jinsia moja kuishi pamoja kinyume na ibara hiyo.

Wapiga simu redioni wakashangilia. Kibandani kwangu kulikuwa na akina mama watatu, mmoja anapimwa, wawili wanangoja, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Na mimi, kwa kutaka tu kuwa na langu, nikasema: "Mnafikiri wako mbali? Hata hapa kwetu wapo. Nimepima dirisha juzi, kitanda ni kimoja."

Basi. Sentensi moja. Sikutaja jina wala nambari ya nyumba, lakini Umoja nzima ilijua ni dirisha la nani nililopima juzi.

Haikuchukua mwezi. Mwenye nyumba, ambaye simtaji, alikuja na vijana wake wawili akawaambia fundi na mwalimu wahame kabla ya Jumapili, na ile pesa ya amana hawakuiona. Hakuna barua wala sababu iliyoandikwa. Wangemshtaki wapi? Ukienda mahakama ya wapangaji utaulizwa kwa nini umefukuzwa, na ukilisema umejifungulia jalada la kesi nyingine. Watu wengi wanafikiri sheria ile haina kazi kwa kuwa ni nadra kusikia mtu amefungwa kwayo. Kazi yake ndiyo hiyo. Inamfanya mtu aliyedhulumiwa aondoke kimya.

Niliwaona wakipakia pikapu. Jiko la gesi, godoro, meza, mfuko wa madaftari, na juu kabisa mapazia yangu, yamekunjwa kwa mikunjo ileile niliyoyatolea. Hakuna mtu wa ploti aliyeshika hata stuli. Nami nilikuwa na suruali chini ya sindano, nikainamisha kichwa nikaendelea kushona.

Sasa mtasema mama huyu ametubu, atatuhubiria. Hapana. Nilikaa miaka nikijiambia haikuwa mimi, watu wangejua tu. Kilichonirudisha ni cherehani. Ninatumia ile ya miguu, Singer ya marehemu mama yangu, na mwaka jana kanyagio lilivunjika vipande viwili. Nikazunguka nalo, kila fundi ananiambia chuma hiki ni cha kumiminwa, ukikichomelea kama geti kitapasuka kando ya kiungo. Mtu akanielekeza Kariobangi, kwa fundi mmoja anayejua kuunga kwa shaba. Nikafika, akavua miwani ya moto, tukatazamana.

"Shikamoo, mama."

Akachukua kanyagio. Akakisugua kiungo hadi kikang'aa, akakipasha moto taratibu pande zote, akaleta kijiti cha shaba kikayeyuka kikaingia kwenye ufa kama siagi kwenye mkate. Kisha akakifukia kwenye majivu kipoe polepole. Akasema tusubiri kama saa moja. Saa nzima, mimi na yeye, kwenye benchi la mbao.

Nikamwambia. Kwamba ni mimi. Akasema, "Tulijua siku ileile, mama. Ni wewe peke yako uliyewahi kuingia ndani."

Sikuwa na la kujibu. Unadhani umeficha kitu miaka yote, kumbe mwenzako alikuwa anakijua na bado anakuamkia. Hapo ndipo nasema swali lenu mmeliuliza upande usio wake. Aliyevumilia ni nani?

Kwa kuwa nilikuwa nimeshavuliwa nguo, nikamuuliza lile ambalo kila mtu huuliza, na najua wasomaji wenu wengi wangeuliza: kati yenu, mke ni nani? Hakukasirika. Akauliza, "Kwako wewe na mzee, chapati alikuwa anapika nani?" Alikuwa anapika mzee. Ploti nzima ilijua, Jumapili watoto wa majirani walikuwa wanajipanga mlangoni. Mimi chapati zangu hata leo ni ngumu kama kandambili. Na mimi ndiye niliyelipa karo kwa cherehani alipofutwa kazi. Sijawahi kusikia mtu akituuliza yupi mume. "Kwetu," akasema, "anayewahi kufika ndiye anayewasha jiko." Halafu akaongeza kwamba mwalimu hajui kupika kabisa, na kwamba huo ndio mzozo mkubwa wa nyumba yao.

Yapo mengine ninayoyasikia kibandani na siyapi nafasi ndefu. Eti wanalipwa na wazungu: yule mtu alinitoza mia nane na mikono yake imejaa alama za cheche, kama kuna hela ya wazungu basi imepotelea njiani. Eti wanaharibu watoto: kesi mbili za watoto ninazozijua mimi mwenyewe mtaani zilihusu wanaume wenye wake, na mmoja alikuwa anakaa kiti cha mbele kanisani.

Ila hili la "si utamaduni wetu" nitakaa nalo kidogo, maana mimi ni Mkamba. Susu yangu, yaani nyanya yangu, kule Mwala alikuwa na jirani, mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume, ambaye alioa. Sikusema aliolewa, nimesema alioa. Alitoa mbuzi, akatoa ng'ombe, akaleta msichana nyumbani, na watoto waliozaliwa wakaitwa wa boma lile. Kwetu mke wa namna hiyo anaitwa iweto, na Wakikuyu, Wanandi na Wakisii nao wana desturi ya jinsi hiyo. Sisemi ni jambo moja na la fundi na mwalimu. Lile lilikuwa la urithi na jina la ukoo, na mwanamume alitafutwa wa kuzaa naye. Lakini wazee waliokubali mwanamke atoe mahari wasingepiga mayowe haraka kama sisi. Wangeuliza kwanza: nyumba hii inamdhuru nani? Na sheria yenyewe ya miaka 14, tunayoilinda kama kigoda cha babu, ililetwa na Waingereza wakati wa ukoloni. Wao kwao England na Wales walianza kuilegeza mwaka 1967. Sisi tumebaki na koti la mtu aliyeshabadilisha nguo.

Hata neno lenyewe. Nina mteja kutoka Mombasa, mama mtu mzima, akifika barabarani huniita kwa mbali, "Shoga! Shoga yangu, umenimalizia?" Vijana wa boda boda huanguka kwa kicheko. Yeye haelewi wanacheka nini. Kwao Pwani shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke, msiri wako, yule unayemfungulia moyo. Siku moja nikamweleza maana ya Nairobi. Akanyamaza, halafu akasema, "Kwa hiyo mmelichukua neno la urafiki mkalifanya tusi?" Akaendelea kuniita vilevile.

Februari 24, 2023, Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba watu hawa wana haki ya kuandikisha shirika lao kama Wakenya wengine. Mitaani palichafuka wiki kadhaa, utadhani ndoa zimehalalishwa, na wala mahakama haikugusa ndoa wala vifungu vile viwili. Ilisema tu huwezi kumnyima mtu haki ya kujumuika na wenzake kwa sababu ya anavyopenda. Katika kwaya yetu ya akina mama tuliombwa tuvae vitambaa vyeusi Jumapili iliyofuata. Nilivishona mimi, thelathini na sita, kwa sababu ni kazi na nililipwa. Changu sikukivaa. Nilisema nimekisahau nyumbani, ambao ulikuwa uongo na pia uoga, na nawaambia hivyo ili mjue mnaongea na mtu wa aina gani.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali: sina cha kuvumilia. Wale ni watu wazima wawili, wamekaa pamoja zaidi ya miaka kumi, na mmoja akilazwa leo mwenzake ataambiwa asubiri nje kwa kuwa si ndugu. Mimi na mzee wangu tuligombana hadi tukatupiana sufuria, na bado niliingia wodini bila kuulizwa.

Mwalimu hajanisamehe, na sidhani ana sababu. Baada ya kuhama ilibidi aache shule ile kabla uvumi haujamfikia mkuu wake. Mwezi uliopita fundi aliniita nyumbani kwao kwa sasa, mtaa sitausema. Mapazia yangu bado yapo, ila dirisha la huko ni pana zaidi na yameacha mwanya ubavuni. Jua la asubuhi linawapiga usoni. Nikavua viatu, nikapanda. Tepu yangu haikufika mpaka upande wa pili bila mtu wa kushika, na fundi alikuwa amekwenda kununua maziwa. Mwalimu alikuwa mezani anasahihisha. Alikaa kidogo, akafunika kalamu, akaja akanishikia ncha.

"Ngapi?" akauliza.

Inchi kumi na moja zinapungua. Kitambaa kile hakipo tena Eastleigh, nimezunguka maduka mawili ya ghorofa bila kukiona. Nimeambiwa nijaribu Gikomba alfajiri ya Jumanne, mabelo ya mitumba yakifunguliwa.