Anza na mchezo wa kubahatisha namba

Mwalimu mwenzangu, nimekuelewa: wanafunzi wako wa Kidato cha Pili wanazikariri amri za Python, lugha ya kuandikia programu, lakini mkifika kwenye vitanzi, yaani sehemu za programu zinazojirudia, wanapotea; kompyuta ni kumi kwa wanafunzi arobaini, na baadhi zinakataa kusakinishwa Python. Ningekushauri uiache kwanza mifano ya kuchapisha namba 1 hadi 10, ambayo haimpi mtoto sababu ya kutaka kurudia jambo lolote, uanze na mchezo wa kubahatisha namba kati ya 1 na 100.

Uchezeni kwa mdomo kabla ya kugusa kompyuta: wewe unaficha namba, wao wanataja, nawe unajibu "kubwa mno" au "ndogo mno". Ukiwauliza mchezo unaendelea hadi lini, watasema "mpaka tupatie", na hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa while, neno la Python linaloanzisha kitanzi, haisemi "mpaka" bali "maadamu hatujapatia"; ndiyo maana tunaandika while jibu != siri, yaani maadamu jibu si sawa na siri. Mimi nilipoteza vipindi viwili kabla ya kugundua kwamba tatizo lao lilikuwa neno hilo moja.

Yupo atakayesahau kuweka input, amri inayopokea jibu la mchezaji, ndani ya kitanzi, na kioo chake kitajaa "kubwa mno" bila kukoma. Usimkimbilie; mwonyeshe vitufe vya Ctrl na C vinavyoisimamisha programu, kisha waulize wenzake watatu wa kompyuta ile kwa nini imetokea. Wanaomaliza mapema wape changamoto ya kupatia kwa majaribio yasiyozidi 7.

Na zile kompyuta zinazokataa kusakinishwa Python, usizichokonoe mwenyewe, mwite fundi wa maabara.