Wakiungana tu, watashinda?

SWALI: Shikamoo mzee. Kijiwe chetu cha kahawa hapa Mbagala kimegawanyika tangu Januari 2025, Tundu Lissu alipomshinda Freeman Mbowe uenyekiti wa CHADEMA, chama cha upinzani, kwa kura 513 dhidi ya 482. Mwezi Mei baadhi ya waliokuwa upande wa Mbowe wakahamia CHAUMMA, chama kingine cha upinzani, na siku hizi hata kusalimiana ni kwa shida. Baba yangu anacheka, anasema haya aliyaona enzi za Mrema. Mimi nashikilia kwamba upinzani ukiungana tu, CCM haina ujanja. Nimepotea wapi?
Kijana wa Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukupotea sana, ila hesabu yako ni ya Kenya, na sisi tuko Tanzania.

Desemba 1992 Wakenya walipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu KANU, chama tawala, ibaki peke yake. Chama cha upinzani cha FORD kilikuwa kimeshapasuka vipande viwili: Kenneth Matiba akabaki na FORD-Asili, Jaramogi Oginga Odinga na FORD-Kenya, huku Mwai Kibaki akisimama na DP yake pembeni. Rais Moi wa KANU akapata asilimia 36 tu ya kura, akarudi Ikulu. Hao watatu kwa pamoja walizoa kama asilimia 63. Wakarudia kosa lile lile 1997, Moi akashinda tena. Mwaka 2002 walipokubali kumsimamisha Kibaki mmoja chini ya NARC, muungano wao, akapata asilimia 62 na KANU ikatoka madarakani. Kwa jirani, "ungana tu" ni dawa iliyopimwa ikafanya kazi.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 1995 Mkapa wa CCM alipata asilimia 61.8. Mrema wa NCCR-Mageuzi 27.8, Lipumba wa CUF 6.4, Cheyo wa UDP karibu 4. Jumlisha hao watatu: hawafiki 39. Wangekuwa kitu kimoja kuanzia asubuhi hadi jioni, bado wangeshindwa kwenye urais. Najua utaniambia uwanja haukuwa sawa, na kura za Dar es Salaam ilibidi zirudiwe kwa vurugu ile ya vifaa kuchelewa. Kweli. Lakini hata hivyo, hakuna mgawanyo wa kura unaoeleza pengo la namna hiyo.

Mgawanyiko ulituumiza kwingine, na hapo ndipo baba yako anapochekea.

Oktoba 1996 Mrema aligombea ubunge wa Temeke kwenye uchaguzi mdogo. Nilikuwa mwandishi kijana, kazi yangu ilikuwa kufuata misafara. Gari la Mrema lilikuwa halitembei kwa injini. Dereva anazima, watu wanalisukuma. Niliona mikono imebanana kwenye boneti mpaka rangi ya gari haionekani, na nyuma ya msafara barabara imejaa kandambili zilizoachwa na wenyewe. Hawakulipwa hao, hawakupewa fulana. Mrema akamshinda Abdul Cisco Mtiro wa CCM. Usiku ule mtu angekwambia NCCR itakufa kabla ya uchaguzi mwingine, ungemwona ana wazimu.

Mwaka uliofuata chama kikagawanyika baina ya Mrema, mwenyekiti, na Mabere Marando, katibu mkuu. Kikao chao cha Tanga kikaishia kwa vurugu. Kila upande ukadai ndio chama halali, wakapelekana mahakamani, na 1999 Mrema akahamia TLP. Tazama matokeo: 1995 NCCR ilishinda majimbo 16. Mwaka 2000 ikashinda moja. Mrema mwenyewe akashuka hadi asilimia 7.8, na Mkapa akapanda hadi 71.7.

Wale waliosukuma gari walikwenda wapi? Wengi wao hawakwenda TLP wala CCM. Walikaa nyumbani. Nakumbuka ofisi ya tawi moja la chama ambacho sitakitaja, mlango mmoja una kufuli mbili, kila kundi na funguo yake. Katibu kata akija hawezi kuingia bila kumtafuta hasimu wake. Mama muuza vitumbua wa jirani, ambaye kadi yake alilipia mwenyewe, akaniuliza kadi yake ni ya kufuli ipi. Sikuwa na jibu. Viongozi nao hawakuwa nalo, kwa sababu ugomvi haukumhusu yule mama hata kidogo: haukuwa juu ya bei ya unga, ulikuwa juu ya nani atie sahihi hundi ya ruzuku.

Ndiyo maana sina imani na muungano wa wiki za mwisho. UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, ilizaliwa 2014 ndani ya Bunge la Katiba, na ilizaliwa vizuri, kwa hoja: kutetea rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba. Hapo mwananchi aliwaelewa. Mwaka uliofuata wakamchukua Edward Lowassa kutoka CCM, mtu ambaye CHADEMA ilikuwa imempigia kelele za kashfa ya umeme ya Richmond kwa miaka. Dk. Slaa, katibu mkuu wa CHADEMA, akaondoka, Lipumba akajiuzulu uenyekiti wa CUF. Lowassa akapata karibu asilimia 40, kura nyingi kuliko mpinzani yeyote wa urais kabla yake. Lakini hata kugawana majimbo kuliwashinda mahali: Segerea, CUF na CHADEMA wote walisimamisha mgombea, CCM ikachukua kiti. Halafu Lipumba akarudi kudai kiti chake, kesi ikaenda mpaka Machi 2019. Siku Mahakama ilipompa ushindi, hasimu wake Maalim Seif, aliyekuwa katibu mkuu wa CUF, akaingia ACT-Wazalendo, na matawi ya Pemba na Unguja yakapakwa zambarau, rangi ya chama hicho. Mwezi huo huo Lowassa alikuwa amesharudi CCM.

Usinielewe vibaya. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023, na chama kisichoruhusiwa kusimama jukwaani hakiwezi kulaumiwa peke yake kwa kukosa wasikilizaji. Aprili 2025 Lissu alikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Hayo hayakuletwa na kijiwe chenu. Ninachokuuliza ni hiki: kabla ya kudai CHADEMA na CHAUMMA waungane, wewe na huyo mwenzako mnaweza kwenda pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa kuulizia maji?

SWALI: Mwaka 2015 sikuiona UKAWA kwenye karatasi ya kura. Kwa nini?
Mama wawili, Tanga

JIBU: Kwa sababu kisheria haikuwepo, dada. Sheria ya wakati ule haikuutambua ushirika wa vyama, kwa hiyo Lowassa aliwekwa kama mgombea wa CHADEMA na wabunge kila mmoja kwa chama chake. Sheria ya Vyama vya Siasa ilirekebishwa 2019, na sasa vyama vinaweza kuingia ushirika kwa mkataba wa maandishi unaopelekwa kwa Msajili. Njia ipo. Wa kuupeleka mkataba ndio hatujamwona.