Kikosi cha zimamoto cha watu wanane: mkuu wa Makambako, usisaini

Mkuu, usisaini hiyo karatasi ya mshauri. Nimesoma ulichoandika mara mbili na moyo unanienda mbio. Unasema una kiwanda cha mbao, kikosi cha zimamoto cha watu wanane, mafunzo siku mbili, seti mbili za mitungi ya kupumulia, na mshauri amekuhakikishia kwamba kwa kuanzia inatosha. Hayo hayo niliambiwa mimi Mafinga. Nilisaini, na tulizika mtu.

Tuanze na hesabu ambayo mshauri wako hakuifanya. Wiki ina saa 168. Sheria ya kazi inampa mtu saa 45 za kawaida kwa wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ukitaka nafasi moja ya zamu isikae wazi usiku na mchana, unahitaji watu wanne, na hapo hajaugua mtu wala hajafiwa mtu. Kwa hiyo wanane wako ni nafasi mbili tu. Saa nane za usiku, mwezi wa sita, ukungu umeshuka hata geti hulioni, una watu wawili.

Sisi tulikuwa nao wawili. Moto wenyewe ulionekana mdogo: rundo la maranda kwenye stoo lilikuwa linafuka, miali hakuna. Hapo ndipo watu wanadanganyika. Maranda yakifuka bila kuwaka vizuri yanatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Kijana wa kwanza akavaa mtungi, akaingia na mpira wa maji. Wa pili akabaki mlangoni. Seti ya pili ilikuwa imefungiwa ofisini na ufunguo alikuwa nao msimamizi wa mchana.

Mtungi wa lita 6 uliojazwa mpaka baa 300 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa) una hewa ya lita 1,800. Mkufunzi alituambia ni dakika 45. Ni kweli, ukiwa unavuta lita 40 kwa dakika, mtu anayetembea taratibu. Kijana mwenye hofu, anayeburuta mpira gizani juu ya mbao zilizoanguka, anavuta hata lita 80. Hizo ni dakika 22. Filimbi ya mtungi inalia zikibaki kama baa 50; kwa uvutaji ule unabakiwa na dakika tatu na ushee za kutoka nje. Hakuna aliyewahi kumwonyesha hilo. Alipotea njia ya kurudi.

Yule wa mlangoni aliisikia filimbi inalia, inalia, halafu ikakata. Akavua shati, akalilowesha kwenye ndoo, akajifunga puani, akaingia. Kitambaa chenye maji hakizuii kaboni monoksaidi hata chembe. Wapakiaji walibomoa ukuta wa mabanzi kwa nyuma wakawavuta wote wawili. Wa mtungi alikuwa karibu na ukuta, alilazwa, akapona. Wa shati tulimzika Ilula. Mama yake alinishika mkono pale msibani akaniuliza, "Baba, na mwanangu naye alikuwa na mtungi?" Sikuwa na la kumjibu.

Na yule mkufunzi! Siku mbili zile tulizima dizeli kwenye karai uwanjani, jua linawaka, tukapiga picha, tukapewa vyeti vyenye muhuri. Hakuna hata mmoja aliyevaa barakoa gizani. Hakuna aliyepimwa anamaliza mtungi kwa dakika ngapi. Alichukua hela zake akaondoka, na nilipompigia baada ya msiba alisema vijana hawakufuata maelekezo. Maelekezo yapi? Bado nina hasira naye, na sitaki anayefanana naye akukute wewe.

Kwa hiyo shika hili, mengine yote yatafuata: haingii mtu ndani kama nje mlangoni hakuna wawili waliokwisha kuvaa mitungi. Wawili ndani, wawili nje. Marekani wameiweka kwenye kanuni za usalama kazini tangu 1998. Maana yake zamu moja ni watu wanne na seti nne, na kikosi kizima ni kumi na sita kwenda juu. Tajiri akikataa, sawa, basi kikosi chako ni cha nje tu: kata umeme, hesabu watu, piga 114, namba ya zimamoto, mwaga maji kupitia mlangoni, acha stoo iungue. Paini inapandwa tena.

Mafunzo yako yawe ya kuziba kioo cha barakoa kwa karatasi ili usione kitu, na kutambaa ukifuata mpira mpaka mlangoni, kila mwezi, kila zamu, hasa ya usiku. Mtu mmoja akae na chaki aandike ukutani nani kaingia, saa ngapi, na baa ngapi. Seti zikae mahali pasipo na kufuli. Kabla ya kumlipa mshauri yeyote, nenda kwanza ukaongee na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Leo usiku zamu yako ina watu wangapi, na ufunguo wa stoo ya vifaa anao nani? Nijibu hapa hapa, hata kama ni saa saba.