Liulize faili majina ya safu zake kabla hujachora ramani

Nikiwa Arua, Uganda, niliwahi kuandaa ramani ya shule za msingi na vyoo vyake. Mwenzangu aliyezunguka shuleni kwa bodaboda alikuwa ameandika safu (kolamu) zake vizuri kabisa: idadi_ya_wavulana, idadi_ya_wasichana, matundu_ya_vyoo. Mimi nikaletewa shepufaili (shapefile, aina ya faili la data za ramani). Nikakuta idadi_ya_w na idadi_ya_1, nikabahatisha. Ramani ikafika kikaoni wasichana wakiwa wamekaa mahali pa wavulana. Mwenzangu ndiye aliyeshtuka: shule aliyoiona kwa macho yake, wasichana wamepanga foleni kwenye tundu moja, ilikuwa imepakwa kijani, kana kwamba vyoo vinatosha. Iliniuma sana, maana ramani ile ndiyo ingeamua vyoo vijengwe wapi.

Chanzo ni hiki: majina ya safu za shepufaili hukaa kwenye faili la dbf, yaani jedwali linaloambatana nayo, nalo halipokei jina lenye zaidi ya herufi 10. Ukihifadhi kwa QGIS (programu ya ramani) au GeoPandas (maktaba ya Python), zinazozidi hukatwa, na majina mawili yakifanana, la pili hubandikwa namba. Onyo hutokea, lakini ni rahisi kulipita.

Siku hizi sigusi data kabla ya kuuliza majina. Huhitaji kupakia faili zima, Fiona, maktaba nyingine ya Python, husoma muundo tu:

import fiona
with fiona.open("shule.shp") as f:
    print(f.schema["properties"])

Utaona jina la kila safu na aina yake. Aina nayo itazame: idadi ikiwa ni str, yaani maandishi, huenda kuna mtu aliandika "hakuna" badala ya 0, na hesabu zako hazitajumlishika. Faili likiwa zito, pyogrio.read_info, ya maktaba nyingine ya Python, hufanya kazi hiyo hiyo. Likiwa GeoPackage, aina nyingine ya faili la ramani, anza na fiona.listlayers, kwa kuwa linaweza kubeba tabaka kadhaa, na usipotaja unalolitaka utafunguliwa la kwanza.

Kama fomu za kukusanyia data bado hazijatoka, tumia wavulana, wasichana, matundu. Yote yanaenea bila kukatwa. Au hifadhi kwa GeoPackage, ambayo haina kikomo hicho.

Hata majina yakiwa safi, nampigia simu aliyekwenda shuleni, namsomea mstari wa shule moja anayoikumbuka. Akisema namba ni hizo, ndipo nachora.