Uliza Fundi Mitambo: Ngoma ikikatwa inalia "tik"

*Shikamoo fundi. Nilirekodi kwa simu ngoma ya harusini kwetu, chapuo (ngoma ndogo) na vumi (ngoma kubwa ya sauti nzito). Nimeiingiza FL Studio, programu ya kutengeneza muziki, nikaikata vipande kwa Slicex, kifaa chake cha kukatia sauti, ili nitengeneze biti. Sasa kila kipande kikianza kinatoa "tik", na nikivipanga kwenye gridi (mistari ya kupimia mapigo) mdundo unapoteza utamu. Nifanyeje? Msomaji, Tanga*

Marahaba, mdogo wangu. Simu yako haina kosa. "Tik" inatokana na mahali unapokata. Sauti unayoiona kwenye skrini ni wimbi linalopanda na kushuka kupitia mstari wa kati. Ukilikata likiwa juu, spika inaruka ghafla kutoka kimya hadi pale juu, na mruko huo ndio unaousikia. Chapuo huuficha kwa sababu pigo lake ni kali. Kwenye vumi hakuna pa kujificha: sauti ya hezi 60 (mawimbi 60 kwa sekunde) hutumia takriban milisekunde 17 kumaliza wimbi moja, kwa hiyo ukikata ovyo ni rahisi kuangukia mbali na mstari.

Ukataji wa kujiendesha wa Slicex huweka alama kila sauti inapopanda ghafla, na vigelegele huudanganya. Futa alama za uongo kwa mkono. Zilizobaki, vuta picha karibu kabisa, kisha sogeza kila moja hadi wimbi linapogusa mstari wa kati, kidogo tu kabla ya pigo. Kama rekodi ni stirio, igeuze mono (mkondo mmoja wa sauti) kwanza, maana kushoto na kulia haviugusi mstari kwa wakati mmoja.

Halafu fedi, yaani kupandisha sauti polepole mwanzoni na kuishusha polepole mwishoni. Mwisho wa kipande upe milisekunde 5 hadi 10. Mwanzo usizidi 1 au 2, na hapa nakusihi usiwe na mkono mzito. Ule mlio wa kiganja kwenye ngozi umo ndani ya milisekunde chache za kwanza. Ukiufuta, ngoma inasikika kama imefunikwa blanketi, na hakuna ekwalaiza itakayourudisha.

Kuhusu utamu: ngoma nyingi za pwani huhesabiwa tatu-tatu, nawe nadhani umezilazimisha kwenye gridi ya nne-nne. Kwenye Snap, menyu ya kuchagua mgawanyo wa gridi, chagua 1/3 beat. Kabla ya hapo tafuta kasi halisi: bofya kulia kwenye tempo, chagua Tap, gonga ukifuata vumi. Ukishapata kasi, iambie Slicex imwage noti kwenye piano roll, dirisha la kupangia noti. Zitakaa pale pale mpigaji alipopiga. Nyoosha pigo la kwanza la kila mzunguko tu. Kwa kasi ya mapigo 100 kwa dakika, pigo moja ni milisekunde 600. Chapuo likichelewa 20 ndani ya hizo, liache. Mpigaji alilitaka hivyo, na ndiyo sababu watu walicheza.

Ukitaka biti iende kasi zaidi, ongeza tempo. Usinyooshe wala kubana sauti yenyewe, vipande vitasogeleana tu na kila pigo litabaki na ukali wake.

Jambo la mwisho, nalo silifanyii mchezo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inawatambua pia wanaopiga, si watunzi peke yao. Kabla hujapandisha wimbo mtandaoni, warudie wale wazee wa ngoma, wasikilizishe, mkubaliane kwa maandishi majina yao na fungu lao.