Bundi uliyempiga picha si mkosi

Dada, umeuliza kama uifute picha ya bundi uliyempiga nyuma ya nyumba Entebbe, kwa kuwa mama anasema analeta msiba. Mimi nasema usiifute. Ila usibishane na mama. Hofu yake ameirithi kwa wazee wake. Mweleze taratibu kwamba bundi hulia usiku kwa sababu ndio wakati wake wa kuwa macho na kuwinda panya. Ninachokuomba ni kimoja: usimwashie flashi machoni.

Kisha nenda kwenye kinamasi cha Mabamba ukamwone bbulwe, yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Huko nako wavuvi waliamini ukimwona hupati samaki, wakawa wanamuua. Kumbe naye ni mvuvi mwenzao, anamtafuta samaki yuleyule, kamongo. Leo baadhi yao ndio wanaowapeleka wageni kwa mitumbwi kumtazama.

Fika alfajiri. Bbulwe husimama kimya muda mrefu, kwa hiyo tatizo si yeye, ni mtumbwi kuyumba. Weka spidi ya shata ya kamera 1/500 ya sekunde au ya kasi zaidi, viwiko uvibane mbavuni, upige picha pale mwongoza mtumbwi anapoacha kupiga kasia. Subiri ageuze kichwa: jicho lake la manjano likishika mwanga, utatetemeka.

Mama naye mpigie picha ya ng'aali, korongo mwenye taji aliye kwenye bendera yetu ya Uganda. Kwa Baganda ni muziro, yaani mnyama wa mwiko, wa ukoo mzima, wenye ukoo huo hawamli. Anza mazungumzo na huyo, bundi atafuata.